Mtoto akihamia mjini, mpe ruhusa ya kukosa pantoni

Kwa miezi minne mama mmoja wa Tura, wilayani Uyui, mkoani Tabora, alilala usingizi mzuri akijua binti yake anayesoma Dar es Salaam hapiti majini. Walikubaliana hivyo siku binti alipopanda treni. Angekaa kwa shangazi yake Tungi, Kigamboni, na chuo kiko katikati ya jiji, ng'ambo ya maji.

"Utapita darajani, mwanangu," mama alisema. "Pantoni usiliguse."

"Sawa, mama."

Ukweli ulijulikana kwa bahati tu. Jioni moja shangazi alipiga simu kumjulia hali wifi yake. Wakaongea habari za mvua, za tumbaku, za mzee anayeumwa mgongo. Kisha shangazi akasema bila kujua anafunua jambo: "Halafu wifi, mtoto leo karudi saa mbili usiku, hoi. Pantoni moja limeharibika, Feri pamejaa watu hadi barabarani."

Mama akanyamaza. Alipokata simu hiyo, akampigia binti yake. Binti hakukana. "Mama, toka wiki ya pili napita pantoni. Ningekuambia ungekasirika."

Mama alifoka, na alifoka sana. Baba, ambaye tangu mwanzo hakuwa ametia neno katika suala hili, aliomba simu. Akauliza swali moja tu: "Na siku ukipata shida huko majini, mwanangu, ungempigia nani?"

Hakuna aliyejibu. Binti alikuwa amejifungia mlango wa kuomba msaada, na mama ndiye aliyempa kufuli.

Hofu yenye sababu

Isidhaniwe kwamba mama huyo ni mwoga wa bure. Alikulia mahali ambapo maji ni ya kisima na lambo, na mto wa karibu hukauka kiangazi. Lakini redio alikuwa nayo. Alikuwa msichana wa shule ya msingi tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria ikielekea Mwanza. Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, ikabeba zaidi, na mamia ya watu wakafa.

Alikuwa mama wa watoto watatu tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41. Ilikuwa siku ya gulio, na watu walikuwa wakirudi nyumbani na mizigo yao. Kivuko kilikuwa kimebakiza umbali mdogo sana kufika gati la Bwisya.

Jirani zetu Kenya nao wana siku yao. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa na kuua watu 272. Wengi walikuwa wakienda kazini. Walikuwa hawajafika mbali na ufuko.

Kwa hiyo mama alipomwambia mwanawe asipande pantoni, alikuwa akimwambia kitu ambacho kila mzazi anakielewa: nisije nikasikia jina lako redioni.

Ila ukizitazama tena habari hizo utaona jambo jingine. Katika Ukara na Mtongwe si dhoruba ya katikati ya bahari iliyoua watu. Ni safari fupi, ya kila siku, karibu na nchi kavu, katika chombo kilichojaa kupita kiasi. Maana yake ni kwamba sehemu ya hatari hiyo ipo pale getini, kabla mtu hajakanyaga chombo, anapoamua kusukumana na wengine au kungoja. Uamuzi huo mzazi hayupo kuufanya. Anayeufanya ni mtoto, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa na mkoba mgongoni.

Daladala ya majini

Mzazi wa bara anaposikia neno pantoni huwaza safari kubwa. Kwa mkazi wa Kigamboni pantoni ni usafiri wa kwenda kazini, sawa na daladala. Kutoka Kigamboni hadi Magogoni ni dakika chache tu majini. Mwaka 2012 nauli ya mtu mmoja ilipandishwa kutoka Sh100 hadi Sh200, na watu walilalamika sana kwa sababu ni pesa inayotoka kila siku, kwenda na kurudi.

Vivuko hivyo huendeshwa na Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania, TEMESA. Kikubwa, MV Magogoni, kilitengenezwa kubeba watu 2,000 na magari 60 kwa safari moja. Vingine, MV Kigamboni na MV Kazi, ni vidogo zaidi. Kimoja kikienda matengenezo, umati wake wote huhamia kwa vinavyobaki. Ndiyo siku ambayo mtoto hurudi saa mbili usiku. Siku hizi zipo pia boti ndogo za kampuni binafsi zinazovusha abiria hapo hapo.

Daraja lipo. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Wengi walidhani lingemaliza habari ya pantoni. Halikumaliza, na sababu yake ni rahisi. Daraja linatokea Kurasini, na kutoka hapo bado kuna gari jingine na foleni hadi mjini. Pantoni linamshusha mtu Kivukoni, mjini kabisa, jirani na soko la samaki la Feri, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka huohuo wa 2016 yana kituo chao cha mwisho palepale. Mwenye gari hufurahia daraja. Mwenye miguu bado anahesabu dakika na shilingi, na hesabu inamrudisha majini.

Mama wa Tura hakuwa amefanya hesabu hiyo. Alipomwambia binti apite darajani kila siku, bila kujua alimwambia aamke saa kumi usiku, alipe nauli ya magari mawili au matatu, na apunguze chakula cha mchana ili pesa itoshe. Binti alijaribu kwa wiki moja. Wiki ya pili akaenda na wenzake Feri.

Jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Mombasa, watu zaidi ya laki tatu huvuka Likoni kwa siku, na mtembea kwa miguu halipi. Huko Bangkok, Thailand, boti za mtoni hupita kituo kwa kituo kama basi, na abiria huitambua yake kwa rangi ya bendera. Hamburg, Ujerumani, tiketi ya basi na treni ndiyo hiyohiyo ya boti ya mtoni. Katika miji hiyo mtoto hukua akivushwa na mama yake mkononi, na kufikia umri wa kwenda peke yake tayari anajua mahali pa kusimama na mahali pa kuogopa. Mtoto wa Tura hufika getini akiwa na miaka 19, siku ya kwanza, peke yake, na agizo moja tu kichwani: usipande.

Tura na maji

Watu wa njia hii ya kati si wageni kabisa wa vivuko. Tura ilikuwa kituo cha misafara, mlango wa kuingilia Unyamwezi kwa aliyetoka pwani. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Aliyeendelea magharibi hadi Ujiji ilimbidi avuke mto Malagarasi, na mitumbwi ya Malagarasi ilikuwa na wenyewe. Msafiri hata awe na bunduki ngapi, aliketi ukingoni wakapatana bei, kisha wakavushwa wachache wachache. Punda waliogeleshwa kwa kamba. Stanley alimpoteza punda wake mmoja hapo, mamba alimkamata katikati ya mto mbele ya macho ya msafara mzima.

Hata meli imewahi kupita Tura, ikiwa vipandevipande. Ile MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli ya kati hadi Kigoma. Reli hiyo ndiyo inayopita Tura hadi leo.

Wapagazi wa zamani hawakuacha safari kwa sababu ya mto. Walikubali kwamba kivukoni mtu hungoja zamu yake. Hilo ndilo somo ambalo mtoto anayekwenda mjini hupewa kwa nadra, kwa sababu nyumbani mara nyingi hufundishwa kinyume chake: wahi, usiwe wa mwisho, usichelewe.

Siku mama alipovuka

Baada ya mavuno, mama alipanda treni na dumu la asali, akaenda kumwona mwanawe. Alifika kwa wifi yake amechoka, akalala siku nzima. Kesho yake asubuhi akasema anataka kwenda chuoni na binti, kwa njia ileile anayopita kila siku.

Walifika getini umati ukiwa mkubwa. Wafanyakazi wa ofisini, wachuuzi na ndoo zao, wanafunzi wenye sare, watu na baiskeli. Mama alishika mkono wa binti kama alivyokuwa akiushika gulioni miaka kumi na tano nyuma. Geti lilipofunguliwa watu walikwenda kwa pamoja kama mtu mmoja. Mama alihisi miguu yake ikibebwa. Hapo binti alimvuta kwa nguvu pembeni, ukutani.

"Tunangoja lijalo, mama."

"Si utachelewa?"

"Nitachelewa."

Walisimama pale, pantoni likaondoka. Ndipo binti alipoeleza. Katika wiki ya tatu tangu afike, alikuwa na jaribio saa mbili asubuhi. Mwalimu alikuwa amesema atakayechelewa hafanyi. Alikimbia na umati, akasukumwa pale kwenye mlango wa chuma unaoshushwa ufukweni, akaanguka na magoti. Kiatu kimoja kilikwenda na maji. Kijana mmoja asiyemjua alimnyanyua kwa mkoba kabla watu hawajampita juu. Alifanya jaribio akiwa na kiatu kimoja, magoti yanavuja damu. Hakumwambia mtu. Shangazi aliambiwa kiatu kiliibwa.

"Ningekuambia, ningesema nilikuwa wapi?" aliuliza.

Mama hakufoka siku hiyo. Walipanda lililofuata, wakasimama penye nafasi, wakavuka. Upepo ulikuwa mzuri. Upande wa pili, kabla ya kuachana, mama alisema maneno ambayo wazazi wengi huona aibu kuyasema: "Mimi ndiye niliyekosea kwanza. Tuongee jioni."

Makubaliano mapya

Jioni hiyo, shangazi akiwa shahidi na baba akiwa kwenye simu, familia iliandika makubaliano mengine. Familia yoyote yenye mtoto anayekwenda kuishi penye kivuko, iwe Kigamboni, Likoni au Ukerewe, inaweza kuyachukua.

La kwanza, mtoto ana ruhusa ya kukosa pantoni. Likijaa, likiwa linasukumwa, moyo ukikataa, anangoja. Akikosa kipindi, jaribio au siku ya kazi kwa sababu hiyo, nyumbani hataulizwa kwa ukali. Ruhusa hii haina maana kama mzazi anaitoa mdomoni na kuinyang'anya matokeo yakitoka. Jaribio hurudiwa, na hata lisiporudiwa, mwaka hurudiwa.

La pili, anaondoka nyumbani mapema kwa kiasi cha kuweza kukosa safari moja na bado akafika kwa wakati. Anayetoka dakika ya mwisho hana ruhusa yoyote mfukoni, hata kama mama amempa.

La tatu, anajua pa kusimama. Si kwenye mlango wa chuma, si katikati ya magari, si kwenye mnyororo wa mbele. Siku ya kwanza ya kupanda chombo chochote anatazama jaketi za kuokolea maisha ziko wapi na zinafikiwaje. Chombo kinapokaribia gati anabaki alipo mpaka kifungwe. Watu wakikimbilia upande mmoja ili washuke kwanza, uzito wote unahamia huko.

La nne, akiwa ndani ya gari, anashuka kabla gari halijaingia kivukoni na kuvuka kwa miguu. Tarehe 29 Septemba 2019 pale Likoni, gari lilirudi nyuma likatumbukia baharini likiwa na mama na binti yake mdogo ndani. Wote wawili walikufa.

La tano, ana akiba ya nauli ya kupitia darajani. Mama aliongeza pesa hiyo katika matumizi ya kila mwezi na kusema haiguswi kwa vocha wala chips. Ni ya siku pantoni limeharibika, au giza limeingia na umati hauishi. Siku kama hizo ndizo ambazo mtu hushawishika kupanda mtumbwi wa kienyeji usio na kibali, na mtumbwi huo umepigwa marufuku kabisa.

La sita, na shangazi ndiye aliyeliongeza, lolote likitokea linasemwa siku hiyohiyo. Kiatu kikienda na maji, kiseme kimekwenda na maji.

Kuna aliyependekeza binti afundishwe kuogelea. Ni wazo zuri, na Dar es Salaam mahali pa kujifunzia papo. Lakini kuogelea hakumsaidii sana mtu aliyebanwa katikati ya watu mia. Kinachomsaidia ni kutokuwa katikati yao.

Ni haki pia kusema kwamba mzigo huu si wa mtoto peke yake. Kuhesabu abiria, kufunga geti idadi ikitimia, na kuhakikisha chombo kibovu hakiendi majini ni kazi ya mwenye kivuko na ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Penye maji mapana serikali imejenga madaraja, na lile la Kigongo hadi Busisi mkoani Mwanza, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025. Wazazi wana haki ya kudai hayo. Lakini mtoto anavuka kesho asubuhi, na kesho asubuhi geti litafunguliwa kama lilivyofunguliwa jana.

Ujumbe wa asubuhi

Mama alirudi Tura. Hofu yake haikwisha, na pengine haitakwisha. Bado anaisikiliza redio kwa sikio moja kila asubuhi anapowasha moto. Tofauti ni kwamba sasa anajua binti yake yuko wapi.

Wahenga walisema kawia ufike. Ni rahisi kumwambia mtoto maneno hayo siku ya kumsindikiza stesheni, na ni kazi kuyaheshimu siku atakapokawia kweli.

Wiki tatu baada ya safari ile, saa moja kasoro asubuhi, simu ya mama ililia akiwa anakamua mbuzi. Ulikuwa ujumbe mfupi: "Mama shikamoo. Limejaa sana leo. Nina kipindi saa mbili. Nangoja lijalo."

Mama alifuta mikono kwenye khanga, akajibu: "Marahaba mwanangu. Ngoja."